Mninga, msindano au MDF: Piga hesabu kabla ya kumlipa fundi

MWISHONI mwa mavuno yaliyopita mama mmoja anayenunua mahindi mjini Makambako alinipigia simu. Nilidhani anataka tuzungumzie bei ya gunia, kama kawaida yetu. Kumbe safari hii shida ilikuwa kitanda.

"Mwanangu, wewe si ndiye uliyesomea mambo ya uchumi? Nyumba yangu imekwisha, nataka kuingiza vyombo. Nimepewa bei tatu na zote zimenichanganya."

Fundi wa kwanza alimtajia Sh900,000 kwa kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita. Dukani alionyeshwa kitanda cha MDF chenye droo mbili na kioo, kinang'aa kweli kweli, kwa Sh350,000. Fundi wa tatu, kijana mwenye banda karibu na stendi, alimwambia atamtengenezea cha msindano kwa Sh320,000. Huyu wa tatu mama hakumtilia maanani kabisa. "Hizo si mbao za kenchi?" aliniuliza.

Fedha zilizokuwa mezani ni Sh2.4 milioni, kwa ajili ya vitanda viwili, kabati la nguo, meza ya chakula na viti vyake. Ni fedha zile zile ambazo kila Julai hununulia mahindi kwa wakulima. Akizimaliza kwa seremala, msimu unaofuata ataingia sokoni mikono mitupu au atakopa kwenye kikundi. Ndiyo maana nililichukua swali lake kwa uzito ule ule ambao ningelichukua swali la mbolea au ghala.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mbao halisi ni mali na mbao za kiwandani ni takataka. Wapo pia siku hizi wanaosema kinyume chake, kwamba mninga ni ushamba na mtu wa kisasa ananunua vya dukani. Nimekaa na karatasi na kalamu, na pande zote mbili sikuziona kuwa na haki.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mbao halisi ni ubao uliopasuliwa kutoka kwenye gogo, uwe wa mninga, mkongo, mvule, mtiki, mkaratusi au msindano. Mbao za kiwandani ni jamii tatu ambazo wauzaji wengi huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi.

Ya kwanza ni plaiwudi. Gogo huzungushwa kwenye kisu kama mtu anayemenya chungwa, yakapatikana matabaka membamba, kisha hubandikwa kwa gundi huku nyuzi za tabaka moja zikikatana na za tabaka linalofuata. Idadi ya matabaka kwa kawaida ni witiri: matatu, matano, saba na kuendelea. Kwa sababu ya kukatana huko, plaiwudi haitanuki wala kusinyaa ovyo, na hushika skrubu vizuri.

Ya pili ni chipubodi, yaani vipande vidogo vya mti na maranda yaliyogandamizwa kwa gundi. Ya tatu ni MDF, ambayo mti husagwa mpaka ukawa nyuzinyuzi kama pamba, ukachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa joto. Karatasi moja ya MDF ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa kama kilo 40. Ndiyo maana kabati la MDF ni zito kuliko linavyoonekana, na watu hudhani uzito huo ni uimara.

MDF ina sifa zake na si vizuri kuzificha. Haina vifundo, haipindi, inapatikana kwa upana ambao ungehitaji kuunganisha mbao nne au tano za kawaida, na rangi inakaa juu yake kama kioo. Seremala akipewa mlango mpana wa kabati autengeneze kwa mbao mbichi za mninga na mwingine autengeneze kwa MDF, baada ya mwaka mmoja ule wa MDF ndio utakaokuwa bado unafunga.

Adui yake ni maji. Mwaka 2016 nilinunua kabati la MDF jijini Dar es Salaam, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umepakana na bafu na ulikuwa ukivuja kidogo kidogo. Ndani ya miezi michache sehemu ya chini ilivimba kama andazi. Mbao halisi ikilowa unaianika, inarudi, unapitisha randa. MDF ya kawaida ikivimba hairudi, na hakuna randa itakayoisaidia. Mwaka 2019 nilipohamia Dodoma tulilifungua ili lipande kwenye fuso, na tulipolifunga tena matundu ya skrubu yalikuwa yamelegea. Lilisimama likiwa limeegemea ukuta hadi nilipomgawia jirani milango yake.

Hesabu ya miaka 25

Sasa turudi kwa mama wa Makambako. Bei ni zile alizotajiwa. Wewe msomaji weka za kwenu. Kuhusu miaka ya kudumu, nilikadiria kutokana na ninavyoona majumbani: kitanda cha mninga kilichotengenezwa vizuri miaka 25, cha MDF mitano, cha msindano uliokaushwa na kutiwa dawa 12.

Ukigawa bei kwa miaka, mninga unamgharimu Sh36,000 kwa mwaka, MDF Sh70,000, na msindano kama Sh27,000. Watu wengi huishia hapo na kusema, umeona, rahisi ni ghali. Lakini hesabu hiyo ina tundu, na mfanyabiashara anapaswa kuliona haraka kuliko mtu wa mshahara.

Tofauti kati ya mninga na MDF ni Sh550,000 leo. Fedha hiyo ikibaki mkononi haikai bure. Kwa daftari la mama huyu, kila Sh100,000 anayoingiza kwenye mahindi Julai hurudi Februari ikiwa Sh120,000 baada ya kutoa magunia, usafiri na dawa ya kuhifadhia. Kama faida hiyo itapatikana kila mwaka na yote ikarudishwa kwenye biashara, Sh550,000 zitakuwa zimefika kama Sh1,368,000 baada ya miaka mitano. Atanunua kitanda kingine cha MDF, na bado atabaki na zaidi ya milioni moja.

Mtu mwingine, tuseme mwalimu mstaafu, anaiweka tofauti hiyo hiyo benki na kupata asilimia tano kwa mwaka. Baada ya miaka mitano ana Sh702,000. Ananunua kitanda cha pili. Baada ya miaka kumi ana kama Sh449,000, ananunua cha tatu. Mwaka wa 15 anapokwenda dukani kwa mara nyingine ana Sh127,000 tu mfukoni, na kitanda cha mwenzake wa mninga ndiyo kwanza kimepigwa vanishi upya.

Kwa bei hizo, mahali pa kugeukia ni kati ya asilimia nane na tisa kwa mwaka kama bei za samani hazibadiliki. Bei zikiwa zinapanda kwa asilimia nne kila mwaka, mpaka unasogea hadi kama asilimia 13. Ambaye shilingi yake inazaa zaidi ya hapo hana sababu ya kiuchumi ya kuilaza ndani ya mninga. Ambaye shilingi yake inazaa chini ya hapo, au ambaye akibaki nayo itaishia kwenye harusi na vocha, basi mninga ni benki yake.

Nililisema hilo la vocha kwa mzaha, lakini ni jambo zito. Hesabu ya faida ya asilimia 20 inasimama tu kwa yule ambaye kweli anazirudisha fedha kwenye biashara. Nimewaona wengi walionunua cha rahisi ili "kubakiza mtaji", na mtaji wenyewe ukapotea kabla ya mwezi kwisha.

Mama naye alinikumbusha jambo ambalo karatasi yangu haikuwa nalo. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kusafirishwa nje na bei ikaporomoka Nyanda za Juu Kusini, yeye alikuwa na shehena ghalani. Alichouza ili kulipa ada ya mtoto kilikuwa kabati la vyombo la mkongo alilorithi kwa mama yake. "Lilinunuliwa siku hiyo hiyo," alisema. "Ungekuwa huu mchanganyiko wenu wa unga, nani angeugusa?"

Ana haki. Samani ya mbao ngumu ina soko la mtumba, ya MDF karibu haina. Kwa mtu ambaye biashara yake inategemea mvua na amri za serikali, kitu kinachoweza kuuzwa siku ya shida kina thamani yake, hata kama kwenye mwaka mzuri kinaonekana fedha iliyolala.

Gunia na gogo

Lakini angalia tena zile bei tatu. Msindano ulikuwa wa chini kuliko MDF na, kwa makadirio yangu, unadumu zaidi ya mara mbili yake. Vitanda viwili vya msindano kwa miaka 24 ni Sh640,000, bado chini ya mninga mmoja. Unashinda kwa yule wa asilimia tano na kwa yule wa asilimia 20. Kwa nini basi mama alimpita yule kijana wa stendi bila hata kukaa?

Sababu moja ni sifa. Msindano tunauona juu ya dari, na kwenye majeneza. Nyingine ni ya kweli zaidi: msindano mwingi unaouzwa ni mbichi, na mwingi umekatwa ukiwa mchanga.

Msomaji wa kurasa hizi anajua kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayapokelewi kwa viwango vya Afrika Mashariki, na anajua kinachotokea akiyaweka ghalani hivyo hivyo. Mbao ni vile vile. Msindano uliokatwa leo unaweza kuwa umebeba maji yenye uzito unaozidi ule wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Kwa samani za ndani tunataka unyevu uwe umeshuka hadi asilimia 12 au 14, na kwa Dodoma, ambako hewa ni kavu kuliko pwani, ushuke zaidi ya hapo. Fundi akiunga kitanda kwa mbao mbichi, mbao zitamalizia kukauka chumbani kwako. Zitasinyaa, viungo vitalegea, chaga zitaanza kulia kila unapogeuka, na ubao mpana utapasuka. Mninga haujikunji sana ukikauka, na hiyo ni moja ya sababu za heshima yake, lakini nao ukiungwa mbichi hauna muujiza.

Kupima si lazima uwe na mashine. Omba kipande cha mbao ile ile, kipime kwenye mzani mdogo wa duka, kiweke jikoni juu ya rafu wiki moja, kipime tena. Kikiwa kimepungua uzito kwa kiasi cha kuonekana, mbao bado. Fundi asiyekubali kukupa kipande cha kupima amekwisha kukujibu.

Kukausha nako si kazi ya ajabu. Mbao za msindano za inchi moja zikipangwa kivulini, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini na kuwekewa vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, hukauka katika wiki kadhaa hadi miezi mitatu kutegemea hali ya hewa. Kinachokosekana ni mtaji wa kusubiri. Fundi hununua mbao asubuhi kwa fedha ya rubuni uliyompa jana, na jioni anaranda.

Kuna pia mchwa na wadudu wanaobungua mbao. Kiini cha mninga na cha mtiki huwashinda mchwa, ila ile sehemu nyeupe ya ukingoni huliwa kama mbao nyingine yoyote, na mafundi wajanja huifunika kwa rangi ya vanishi. Geuza kitanda, angalia upande wa chini. Msindano bila dawa huliwa. MDF na chipubodi ya kawaida nayo huliwa, hivyo asikudanganye mtu kwamba gundi ni kinga.

Umri wa miti ni suala la kwetu wakulima. Katika mashamba makubwa kama Sao Hill, Mufindi, msindano wa mbao huachwa hadi miaka 18 na kuendelea, wengine hadi 25. Mkulima mdogo wa Njombe, Kilolo au Makete mara nyingi huuza ukiwa na miaka minane hadi kumi kwa sababu ada ya shule haisubiri. Mbao za mti mchanga ni laini, zina vifundo vingi na hujipinda. Tukauza miti michanga, mbao zikawa mbaya, seremala akazidharau, mteja akakimbilia MDF, ambayo sehemu kubwa ya ile inayouzwa nchini imeagizwa kutoka nje. Kisha tunashangaa bei ya miti imeshuka na tunang'oa kupanda parachichi.

Mashine ndogo za kupasulia, zile tunazoziita "ding dong", zimeongeza hasara. Blade yake nene hula mbao, na zaidi ya nusu ya gogo huishia kuwa unga na mabanzi. Viwanda vya plaiwudi vilivyofunguliwa Mufindi na maeneo ya jirani humenya hata magogo membamba na kutumia sehemu kubwa zaidi ya mti. Kwa mkulima hilo ni soko jipya, ingawa limezidisha kishawishi cha kukata mapema. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, iliwahimiza wakulima wadogo kujiunga katika vikundi, kutumia mbegu bora na kupogoa. Shamba lililopogolewa hutoa mbao zisizo na vifundo vingi, na hizo ndizo seremala anazozitaka.

Majirani nao wanavuta upande wao. Kenya iliposimamisha uvunaji katika misitu yake Februari 2018, mbao zetu zilipata wanunuzi wengi kule. Zuio hilo lilitangazwa kuondolewa Julai 2023. Mkulima aliyepanga mauzo yake yote kwa soko la Nairobi alijifunza kwamba amri ya nchi nyingine inaweza kumpandisha na kumshusha bila yeye kuulizwa.

Mninga unatoka wapi

Mninga, mkongo na mvule wengi wanaouzwa hawatoki kwenye shamba la mtu. Wanatoka misitu ya asili, na mti huo huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kupasuliwa. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori ya magogo kutoka Lindi na Mtwara yaliongezeka sana. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu biashara hiyo ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mrahaba yaliyopaswa kukusanywa yalikuwa yakipotea. Bei ya mninga tuliyoizoea wakati ule, kwa maneno mengine, ilikuwa bei ya mali isiyolipiwa.

Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliingiza jamii za mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika katika orodha ya pili, ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Hilo halimzuii mtu wa Makambako kununua kitanda. Linaonyesha tu kwamba mbao hizi zinaadimika, na kitu kinachoadimika hakishuki bei. Kwa mnunuzi wa kawaida la muhimu ni risiti na hati ya kusafirishia: mbao za msituni zisizo na hati hukamatwa kwenye mageti ya maliasili, na anayepoteza rubuni ni wewe, si fundi.

Kwa upande wa samani zinazoagizwa zikiwa tayari, tangu Julai 1, 2022 nchi za Afrika Mashariki zimeziweka katika kundi la ushuru wa forodha wa asilimia 35, kutoka asilimia 25. Hapo fundi wetu amepewa nafasi. Ataitumia kama mbao zake zitakuwa kavu.

Neno fupi kuhusu afya. Gundi ya mbao nyingi za kiwandani ina formaldehaidi, kemikali ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Karatasi zenye alama ya E1 hutoa kiasi kidogo kuliko zile za E2. Kabati jipya linalochoma macho liache madirisha wazi siku kadhaa, na lisiwe la kwanza kuingia chumba cha mtoto mchanga. Fundi anayekata MDF siku nzima bila kufunika pua yuko kwenye hatari kubwa kuliko mnunuzi, na vumbi la mbao halisi nalo si salama.

Nilimshauri mama asichague upande mmoja kwa nyumba nzima. Kinachobeba uzito, yaani miguu, fremu, mbavu za kitanda na viti, kiwe mbao halisi. Kilicho kipana na bapa, kama mgongo wa kabati na sakafu ya droo, kiwe plaiwudi. MDF nilimwachia milango ya kabati la nguo tu, chumba kikavu, na isikaribie jiko wala sinki.

Alirudi kwa yule kijana wa stendi. Waliafikiana vitanda viwili vya msindano kwa Sh600,000, kabati la fremu ya msindano na mgongo wa plaiwudi, na malipo kwa awamu tatu: ya kwanza ya kununulia mbao, ya pili baada ya kipande kupimwa na kukutwa hakipungui tena, ya mwisho siku ya kupokea. Kijana alilalamika kwamba atakaa na mbao wiki nane bila kuranda. Mama akamwambia na yeye hukaa na mahindi miezi saba.

Meza ya chakula aliagiza ya mninga. Nilipomwuliza sababu alisema wageni hawaingii chumbani, wanakaa mezani. Hilo sikuwa na hesabu ya kulijibu. Kwa ujumla alitumia Sh1.5 milioni, na zilizobaki ziko kwenye magunia, zikisubiri Februari.